Soga za jioni ni kinga ya mwili, zisidharauliwe

Msimu wa kaskazi ukiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Pwani huwa halina mzaha. Kuta za nyumba hufyonza jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, na mtu aliye ndani hujipepea hadi mkono ukamchoka. Ndiyo sababu alasiri inapoingia utawaona watu wa Mji wa Kale, Mombasa, wakitoka mmoja mmoja na kuketi barazani kupunga upepo. Huko Lamu wazee hukusanyika Mkunguni, mbele ya Ngome, bao likiwa katikati na kahawa chungu ikizunguka. Mazungumzo yenyewe ukiyasikiliza huenda ukayaona hayana uzito wowote. Huyu anataja bei ya changu sokoni, yule anasimulia habari za paka aliyezalia kabatini, wa tatu anabishania kama embe dodo la mwaka huu ni tamu kuliko la mwaka jana. Jua linatua, watu wanaagana, na kesho yake wanarudi kuyazungumza yale yale.

Wapo wanaoyatazama mambo haya kwa jicho la dharau. Kijana aliyesoma humwuliza babake, "Baba, kwani nyumbani hapakutoshi?" Mke hulalamika kwamba mumewe amekuwa mtu wa baraza. Katika miji ya bara, vijana wanne wakiinama chini ya mti kucheza drafti kwa vifuniko vya soda, huhesabiwa kuwa wazururaji, na askari wa kaunti akipita huwatawanya. Fikira inayotawala ni kwamba mtu asiyefanya kazi, wala hazungumzii kazi, anapoteza wakati wake na wa wenzake.

Mwandishi wa makala haya anashikilia kinyume. Soga, michezo na mambo madogo madogo ya kujifurahisha yanayofanywa na watu pamoja ni sehemu ya afya, kama vile chakula, maji safi na usingizi. Mtu akiyakosa kwa muda mrefu huweza kuugua, na wako wanaokufa kabla ya siku zao. Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni maneno ya kumliwaza mzee aliyestaafu. La hasha. Ni jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 40, na matokeo yao yanapasa kuwafikia wanaotunga sheria za miji yetu, wanaojenga nyumba zetu na wanaotutibu hospitalini.

Upweke huua

Mwaka wa 1965, watafiti katika Wilaya ya Alameda, jimbo la California nchini Marekani, waliwahoji watu wazima wapatao 7,000 kuhusu maisha yao. Waliwauliza kama wameoa au kuolewa, kama wana marafiki na jamaa wanaoonana nao, na kama ni wafuasi wa kanisa au wanachama wa chama chochote. Kisha waliwafuatilia kwa miaka tisa kuona ni nani waliofariki. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1979 na Lisa Berkman na Leonard Syme. Wanaume wasiokuwa na watu wa karibu walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa na marafiki na jamaa wengi. Kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi, ikikaribia mara tatu. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya watafiti kutia hesabuni uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe, unene na hali ya afya ambayo mtu alikuwa nayo mwanzoni.

Tangu hapo utafiti umerudiwa katika nchi nyingi. Mwaka wa 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Walionelea kwamba wenye uhusiano mzuri na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. Wakaulinganisha upweke na uvutaji wa sigara kwa jinsi unavyofupisha maisha.

Ni kweli kwamba tafiti za namna hii zina kasoro yake. Mtu mgonjwa hawezi kutoka kwenda barazani, kwa hivyo huenda ni ugonjwa uliomletea upweke wala si upweke uliomletea ugonjwa. Watafiti wanalijua hilo, na ndiyo sababu huwafuatilia watu kwa miaka mingi na kutenga wale waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo. Hata wakifanya hivyo, uhusiano kati ya upweke na kifo haupotei.

Mnamo Juni 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti ya tume iliyoundwa mahsusi kuchunguza suala hili. Tume hiyo ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, yaani watu wapatao 100 kila saa. Mtu mmoja kati ya kila sita duniani ana upweke. Mwezi mmoja kabla ya ripoti hiyo, mkutano mkuu wa WHO ulikuwa umepitisha azimio la kwanza kabisa la kuzitaka nchi wanachama zilihesabu suala la watu kuwa pamoja kama suala la afya ya umma.

Si maradhi ya Wazungu pekee

Aghalabu Mwafrika akisikia habari za upweke hucheka. Husema hayo ni mambo ya Ulaya, ambako mtu huishi na mbwa wake na jirani hamjui jirani. Ni kweli kwamba Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka wa 2018, nayo Japani ikafuata mwaka wa 2021. Lakini ripoti hiyo hiyo ya WHO ina jambo la kutushtua. Katika nchi maskini, asilimia 24 ya watu walisema wana upweke. Katika nchi tajiri ni asilimia 11 hivi. Tena walioathirika zaidi ni vijana, hasa wa kati ya miaka 13 na 29.

Ukifikiri kidogo, ajabu itakwisha. Kijana ametoka kijijini kuja kutafuta kazi Nairobi. Anakodi chumba kimoja, anatoka alfajiri na kurudi usiku, na wapangaji wenzake anawatambua kwa sauti za milango yao tu. Mama mjane ameachwa shambani na wajukuu, watoto wake wote wako mjini. Mfanyakazi wa serikali amefikisha umri wa kustaafu wa miaka 60, akapewa barua na mkono wa kwaheri. Watu aliokunywa nao chai saa nne kwa miaka 30 hawaoni tena. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Tusijidanganye kwamba kila mmoja wao amezungukwa na jamaa.

Babu zetu walilijua hili bila kufanya utafiti. Waswahili walijenga nyumba zenye daka na baraza ya mawe mlangoni, ili mwenye nyumba akae na mgeni bila kumwingiza ndani. Waturkana wana mti wa wanaume, ambao chini ya kivuli chake wazee huketi juu ya vigoda vyao vidogo na kuzungumza wakati wa jua kali. Waluo walikuwa na ajua, nao Wakikuyu giuthi. Bao la Kiswahili lenyewe, lenye mashimo 32 na kete 64, haliwezi kuchezwa na mtu mmoja. Ni lazima uwe na mpinzani, na mpinzani akija huja na watazamaji, na watazamaji huja na maneno. Kila kabila lilikuwa na mahali pa watu kukutana bila ya shughuli maalum, na hakuna aliyepaita mahali pa wavivu.

Funzo la Chicago

Kwa kuwa tunazungumzia msimu wa joto, yafaa tutazame yaliyotokea katika mji wa Chicago, Marekani, mnamo Julai 1995. Huko Julai ndio kilele cha kiangazi chao. Kwa siku chache joto lilipanda hadi kupita nyuzi 40 za Selsiasi, na usiku halikushuka vya kutosha. Baadaye ilikadiriwa kwamba watu 739 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida ya wiki kama hiyo. Wengi wao walikuwa wazee walioishi peke yao. Baadhi walikutwa vyumbani mwao madirisha yakiwa yamefungwa, wameshakufa kwa siku kadhaa bila ya mtu kujua.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg alikwenda kuchunguza mitaa iliyoathiriwa, na mwaka wa 2002 akatoa kitabu kuhusu janga hilo. Alilinganisha mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na Little Village. Yote miwili ilikuwa na watu wengi wenye kipato cha chini, na idadi ya wazee waliokaa peke yao ilikaribiana. Hata hivyo, North Lawndale ilipoteza watu kwa kiwango cha mara kumi hivi ya Little Village. Tofauti ilikuwa barabarani. Little Village ilikuwa na maduka, masoko na watu wakipita na kusimama kuzungumza, kwa hivyo mzee alikuwa na sababu ya kutoka nje na mahali pa kwenda. North Lawndale maduka yalikuwa yamefungwa, viwanja vimebaki vitupu, na mzee aliogopa kufungua mlango.

Madaktari waliowachunguza waliokufa na walionusurika walipata jambo hilo hilo. Waliokuwa na marafiki karibu, au waliozoea kutoka na kushiriki katika shughuli za kikundi, walikuwa na kinga kubwa kuliko waliojifungia.

Sababu yake si ya kimiujiza. Mtu anapozeeka, hisia ya kiu hupungua. Mwili unaweza kuwa umekaukiwa na maji ilhali mwenyewe haoni haja ya kunywa. Baadhi ya dawa za presha nazo huuondoa mwili maji kwa njia ya mkojo. Dalili za kuzidiwa na joto, kama vile kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, huja polepole, na akili ikishaanza kuchanganyikiwa mgonjwa hawezi tena kujisaidia. Anahitaji mtu mwingine wa kumwambia, "Mzee, leo huko sawa. Hebu kunywa maji kwanza." Mtu huyo hatoki hospitalini. Ni yule aliyeketi naye jana akibishana juu ya embe, na ambaye leo ameona mwenzake anasema maneno yasiyoeleweka.

Na iwapo hali hiyo itatokea, mweke mgonjwa kivulini penye upepo, mvue nguo nzito, mwagie maji mwilini na umpepee. Kitambaa chenye maji baridi kiwekwe shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu. Kama ana fahamu, anyweshwe maji kidogo kidogo. Kama amepoteza fahamu au anaongea ovyo, asinyweshwe kitu, na akimbizwe hospitali mara moja wakati mnaendelea kumpoza.

Jinsi rafiki anavyolinda mwili

Hata pasipo na joto, urafiki hufanya kazi mwilini. Mtu mpweke huishi kama aliye katika hatari. Homoni za wasiwasi huwa juu, presha hupanda, usingizi huwa wa kukatikakatika. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, moyo na mishipa ya damu huchakaa. Ripoti ya WHO inautaja upweke kuwa unaongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na kushuka moyo. Nayo tume ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka wa 2024, iliweka kutengwa na watu miongoni mwa mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ambayo yanaweza kuepukwa. Mambo mengine katika orodha hiyo ni kama sigara, presha na upungufu wa kusikia.

Michezo na mambo ya kujifurahisha nayo yana nafasi yake. Mwaka wa 2023 ulichapishwa utafiti uliohusu watu zaidi ya 93,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kutoka nchi 16 za Ulaya, Asia na Marekani. Waliokuwa na jambo lolote la kujishughulisha nalo kwa mapenzi yao walikuwa na dalili chache za kushuka moyo, na walijiona wenye furaha na afya zaidi. Hapakuwa na sharti kwamba jambo hilo liwe kubwa au la fahari. Kwetu ni kama kufuga njiwa, kushona kofia za vito, kupanda sukuma wiki katika gunia mbele ya mlango, kuimba kwaya, au kukaa na redio kusikiliza mpira na majirani. Faida haiko katika njiwa mwenyewe tu. Anayefuga njiwa ana jambo la kumwambia mwenzake kesho.

Zimbabwe imeonyesha jinsi maongezi ya kawaida yanavyoweza kugeuzwa kuwa tiba. Mwaka wa 2006, Dk Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa akili nchini humo, alianza mpango wa kuwafunza akina nyanya katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu wenye dhiki ya moyo. Walikaa nao juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo unajulikana duniani kama Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha wagonjwa 573, uligundua kwamba baada ya miezi sita walioketi na nyanya hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Nyanya hao hawakuwa na shahada yoyote. Walikuwa na mafunzo mafupi, benchi, na subira ya kumsikiliza mtu hadi amalize.

Wanawake wakae wapi?

Msomaji wa kike huenda akauliza, na ana haki: Je, baraza si ya wanaume? Kwa kweli, baraza ya mlangoni imekuwa ya wanaume kwa karne nyingi. Mwanamke akionekana ameketi tu, husemwa. Starehe yake hukubaliwa ikiwa mikono yake ina kazi. Ndiyo sababu soga za wanawake hupatikana ukumbini watu wakisuka ukili, kwa msusi, kwenye kupaka hina, kisimani, au katika mikutano ya chama ambako pesa zikishahesabiwa ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Wanaume wengi huona vyama hivyo ni pesa tu, na hukasirika mkutano ukichelewa kwisha. Wafahamu kwamba ile saa moja ya mwisho, ya chai na kicheko, huenda ikawa ndiyo inayomwezesha mke kubeba mzigo wa wiki nzima. Utafiti wa Alameda uliotajwa hapo juu ulionyesha kwamba upweke uliwaumiza wanawake zaidi. Kwa hivyo mume anayedai haki yake ya baraza, naye ampishe mkewe apate yake. Jioni moja au mbili kwa wiki awape watoto chakula yeye.

Simu nayo?

Siku hizi baraza nyingi ziko mkononi. Msichana wa Kwale au Kakamega anayefanya kazi ya nyumbani Saudia au Qatar hana baraza nyingine ila simu. Jioni akituma sauti yake kwa rafiki zake akiwaeleza jinsi joto la huko lilivyo, nao wakamtumia picha ya mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu uliouzwa Lighthouse, moyo wake hupata mahali pa kupumulia. Hiyo ni soga halali kabisa, na asiyejua maisha ya kufungiwa katika nyumba ya watu asiidharau.

Lakini tuyatazame makundi yetu ya WhatsApp kwa uaminifu. Mengi hulala kimya mwezi mzima, kisha huamka mtu anapolazwa au kufariki. Hapo huundwa kamati, hutolewa nambari ya kutumia pesa, na kila mtu huandika "poleni sana". Miezi yote ya kabla ya hapo, marehemu alipokuwa mzima na mpweke, hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Sisi Wakenya tu hodari wa kuchangia matanga na gharama za hospitali. Lau tungechangia nusu ya juhudi hiyo wakati mtu yu hai, kwa salamu tu na habari ndogo ndogo za siku, huenda baadhi ya matanga hayo yangechelewa.

Simu ina mpaka wake pia. Haiwezi kukuletea maji ukiwa umeanguka sakafuni. Haiwezi kuona kwamba umekonda. Kwa aliye mbali ni daraja, na atumie daraja hilo kila siku. Kwa aliye mtaa mmoja na wewe, simu isiwe kisingizio cha kutomtembelea.

Baraza si zote njema

Tusije tukaisifu baraza kupita kiasi. Ziko baraza zinazoua. Baraza ya muguka ambako vijana hukesha wakitafuna hadi alfajiri humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Baraza ya sigara humdhuru hata asiyevuta. Katika maeneo mengi ya bara, mahali pekee ambapo mwanamume anaweza kuketi na wenzake ni kwenye baa, na huwezi kuketi humo bila kuagiza. Dhumna ikiingiliwa na kamari hugeuka ugomvi. Na umbea, unaomla mtu asiyekuwepo, huwafukuza wale wale wanaohitaji wenzao zaidi.

Aidha, kukaa kitako kwa saa nyingi na kunywa chai ya sukari vijiko vinne si jambo zuri kwa mwenye kisukari au presha. Dawa yake ni nyepesi. Watu waende kwa miguu, kahawa iwe chungu kama ilivyokuwa desturi, na kila baada ya michezo miwili ya bao wasimame wanyooshe miguu. Hizo ni kasoro za kurekebishwa. Nyumba ikivuja hatuivunji, twaiezeka.

La kufanya

Kwanza, serikali za kaunti zilinde mahali pa watu kukaa bure. Historia yetu ina mifano ya ujasiri. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alisimama kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na akadharauliwa hadharani kwa kufanya hivyo. Mwaka wa 1991 palikuwa na mpango wa kujenga juu ya bustani ya Jeevanjee, ambayo imekuwepo tangu 1906, na wananchi wakaukataa. Kwa miaka mingi watu wamekutana katika bustani hiyo kujadiliana, kuhubiri na kupumzika tu. Kaunti inapopanga bajeti ya afya, itie humo miti, mabenchi na maji ya kunywa. Mti mmoja wenye kivuli na benchi chini yake hugharimu kidogo mno ukilinganisha na kitanda kimoja cha wodi.

Pili, wenye kujenga nyumba za kupangisha waache nafasi. Majengo mengi mapya ya Mombasa na Nairobi yana lango la chuma, maegesho ya magari, na ngazi. Mpangaji hana mahali pa kukutana na mwenzake isipokuwa kwenye ngazi hizo, tena wote wakiwa na haraka. Baraza ya saruji yenye urefu wa hatua sita haimfilisi tajiri.

Tatu, madaktari na wauguzi waongeze swali moja. Mgonjwa wa presha huulizwa kuhusu chumvi, sigara na pombe. Aulizwe pia: "Unaishi na nani? Jioni unakaa na nani?" Akijibu "Hakuna", hilo liandikwe katika kadi yake kama yanavyoandikwa mengine, na mhudumu wa afya wa kijijini apewe kazi ya kumpitia, hasa katika miezi ya joto kali.

Nne, jamaa wawaache wazee watoke. Wako watoto wenye mapenzi mema ambao wakipata uwezo huwachukua wazazi wao kutoka kijijini na kuwaweka katika nyumba nzuri mjini, yenye televisheni kubwa na mfanyakazi wa kuwapikia. Baada ya mwaka mzee amenyong'onyea, na hakuna daktari anayeona ugonjwa. Alichopoteza ni wale wazee wenzake watatu chini ya mwembe, waliomwita kwa jina la utani na kumcheka anapofungwa bao. Kabla ya kumhamisha mzazi, mwulize atazungumza na nani huko uendako naye. Kama jibu halipo, basi mpelekee hizo pesa pale alipo.

Mwisho, msomaji, kazi iliyo mikononi mwako leo ni ndogo. Mtafute mtu mmoja ambaye hujamsikia kwa muda. Usimpigie kwa ajili ya mchango wala shida. Mweleze jambo dogo tu uliloliona leo, kama ndege aliyejenga kiota dirishani au mkate ulioungua, umwulize na yeye ameona nini. Waswahili walisema mtu ni watu. Kaskazi hii, kabla jua halijatua, toka nje ukahakikishe kwamba mwenzako bado anao.